Wanafunzi wa fildi kutoka Ulaya wananimaliza huku Malawi

SWALI: Habari za kazi mshauri. Mimi ni Mtanzania, niko Lilongwe kwenye shirika la maji vijijini, na kila Juni ofisi inapokea wanafunzi wa fildi kutoka vyuo vya Ulaya, wanakaa mpaka Agosti halafu wanasepa. Jamani nimechoka. Chichewa hawajui hata salamu, gari kwenye barabara ya vumbi hawawezi, kila wakitaka kwenda kijijini inabidi nitoe dereva na mkalimani, kazi zetu zinalala. Mwaka huu mmoja kaja na mada ya mafuriko, Juni hii, kiangazi, wakati mvua huku zinaanza Novemba! Mwingine tulienda naye upande wa Salima kwenye kisima cha pampu ya mkono, zile za Afridev, akawakalisha akina mama wa kamati ya maji akawafundisha pampu inavyofanya kazi, na mama wale mipira ya pistoni wanabadilisha wenyewe ikiisha, mmoja spana anayo mkononi kabisa, wakamsikiliza kwa adabu tu. Huyohuyo kapiga picha watoto wanaoga pale, eti za ripoti. Bosi anasema nivumilie, vyuo hivyo ni wafadhili wa kesho. Nifanyeje nisionekane nina roho mbaya?

JIBU: Pole kaka, ila hasira unazimwagia wasiohusika. Mwanafunzi hajui kitu ndo maana kaja fildi, hata huku Bongo wengi wetu tulienda fildi tukaishia kutoa fotokopi. Wa kulaumiwa ni aliyeipokea mada ya mafuriko akajibu karibu sana bila kukuuliza wewe unayezijua mvua za huko. Kwa hiyo mbane bosi, tena kwa hesabu: kaa na dereva muandike mafuta, siku za gari na siku za mkalimani zilizoliwa na wageni msimu huu, umwekee mezani. Mabosi wakiona mafuta uvumilivu huwa unawaisha.

Halafu daini makubaliano na vyuo, mada ije mapema muijadili nyie wa huko, usafiri walipe wenyewe, na anayetaka kuhoji watu kwa ajili ya tasnifu aje na kibali cha maadili ya utafiti, Malawi mambo hayo yako chini ya tume ya sayansi na teknolojia, NCST. Wengine watajitoa hapohapo.

Wanaobaki usiwakimbizie kijijini. Wengi kompyuta wanaiweza, wape zile rekodi za visima zilizolala kwenye makabrasha wazipange, waziweke kwenye ramani, hiyo kazi hata wakishaondoka inabaki na nyie. Akienda kijijini aende na mwanafunzi wa Kimalawi wa fani hiyohiyo, alipwe posho, wapite kwa chifu kwanza na maongezi aongoze huyo Mmalawi.

Zile picha za watoto mwambie azifute leo, hizo hazisubiri makubaliano na chuo.