Usiufunge ukumbi wa zamani wa wazee kabla hujakaa nao ubavuni

Ndugu mleta mada, ahirisha tarehe uliyoitangaza. Umeandika kwamba unasimamia ukumbi wa mtandaoni ambamo wastaafu huzungumza, kwamba mazungumzo yamepungua, na kwamba mwisho wa mwezi utaufunga ukumbi wa zamani usiku mmoja na kuwafungulia mpya wenye sura ya kisasa: alama za picha badala ya maneno, menyu iliyofichwa nyuma ya mistari mitatu, maneno mapya ya siri kwa kila mwanachama, na ukurasa usio na mwisho ambao huendelea kushuka kadiri mtu anavyotelezesha kidole. Mpango huo naujua kipengele kwa kipengele, kwa sababu ndio tulioutekeleza katika ukumbi niliosaidia kuuendesha, na waliolipa gharama yake ni wazee.

Nina kanuni moja tu ya kukupa. Usiondoe, usihamishe wala usibadili jina la kitu chochote ambacho mzee amekwisha kukizoea, mpaka umekaa ubavuni mwake, umenyamaza, na kumwona kwa macho yako akikitumia kile kipya kwenye simu yake mwenyewe.

Sisi hatukufanya hivyo. Tulimwajiri mshauri aliyetueleza kwa uhakika mkubwa kwamba wazee wanapenda vitu rahisi, na kwamba urahisi maana yake ni kupunguza maneno. Akaondoa neno «Jibu» na kuweka mshale uliopinda. Akaondoa «Andika ujumbe mpya» na kuweka alama ya kujumlisha ndani ya duara pembeni mwa skrini. Akapaka maandishi yote rangi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe, eti ili ukurasa upumue. Kila mwanachama alitumiwa msimbo wa kuingilia uliokwisha muda wake kabla mtu hajapata miwani, kuufungua ujumbe, kuukariri na kurudi kwenye ukurasa. Ukumbi wa zamani ulizimwa usiku uleule.

Siku zilizofuata kulikuwa kimya, na kimya hicho tulikichukulia kuwa kuridhika. Hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Mahali pa kutuma malalamiko palikuwa ndani ya ukumbi, yaani nyuma ya mlango uleule ambao wazee walishindwa kuufungua. Mtu aliyefungiwa nje hakuwa na njia ya kutuambia kwamba amefungiwa, na kadiri alivyokuwa na shida kubwa zaidi ndivyo sauti yake ilivyozidi kutotufikia. Waliobaki ndani ni wale wachache waliokuwa na wajukuu karibu au waliozoea kompyuta kazini, na hao ndio waliotuandikia kwamba ukumbi mpya ni mzuri.

Takwimu nazo zilitudanganya. Mshauri alituletea ripoti iliyoonyesha kwamba kurasa zilizofunguliwa zimeongezeka na kwamba wanachama wapya wanajiandikisha kwa wingi. Baadaye, tulipoanza kuwapigia watu simu mmoja mmoja, tulielewa maana yake. Kurasa ziliongezeka kwa sababu mtu mmoja alikuwa akiufungua ukurasa wa kuingilia tena na tena, akishindwa kila mara. Wanachama wapya walikuwa wanachama wetu wa zamani waliokata tamaa ya kuingia kwa jina lao na kujiandikisha upya, na kwa kufanya hivyo wakapoteza kila walichokiandika kwa miaka, orodha ya marafiki zao, na lile jina ambalo wenzao walilitambua. Mama mmoja aliyekuwa akiheshimiwa na ukumbi mzima kwa jinsi alivyowafariji waliofiwa alirudi akiwa na jina jipya lenye tarakimu mwishoni, na watu hawakumjua. Alisalimia na hakuna aliyeitika kama walivyokuwa wakimwitikia. Kisha akaacha kuja.

Jambo ambalo hadi leo linaniuma kuliko yote ni hili. Wazee wale walikuwa na desturi ya kusalimiana kila asubuhi, na asiyeonekana kwa siku mbili aliulizwa hali, halafu mtu mwenye namba yake akampigia simu. Hakuna aliyewapangia utaratibu huo. Waliujenga wenyewe, na ulikuwa na thamani kuliko programu yoyote tuliyoinunua. Baada ya mabadiliko, watu wengi walitoweka kwa pamoja hivi kwamba haikuwezekana tena kumtofautisha aliyeugua na aliyesahau neno la siri. Wengi wao waliishi peke yao, na sasa hakukuwa na mtu wa kushtuka wasipoonekana. Ukisema kwamba mazungumzo katika ukumbi wako yamepungua, basi kabla ya kugusa rangi hata moja jiulize ni nani hasa ameacha kuandika, uwatafute watu hao kwa simu na uwaulize kilichowazuia. Mimi sijaona sura mpya ikimrudisha mzee aliyeondoka kwa kufiwa, kwa kuugua macho au kwa kutukanwa na mwanachama mwenzake.

Ombwe lile pia lilivutia wezi. Watu waliposambaziana habari kwamba maneno ya siri yamebadilishwa, walijitokeza watu wasiojulikana waliojifanya wasaidizi wa ukumbi, wakawapigia wazee simu na kuomba misimbo yao. Sisi wenyewe ndio tuliokuwa tumewazoesha wazee kuamini kwamba ujumbe wa kudai msimbo mpya ni jambo la kawaida.

Namlaumu mshauri yule, na sioni sababu ya kulificha hilo. Alitoza ada ya utaalamu wa wazee ilhali hakuwa amekaa na mzee hata mmoja akitumia kitu alichokibuni. Angelikuwa mtaalamu kweli, angelijua mambo ambayo yameandikwa wazi kwa miaka mingi. Shirika la W3C, linaloweka viwango vya kurasa za mtandao, hutoa mwongozo wa kuzifanya kurasa zitumike na watu wote, unaoitwa kwa kifupi WCAG. Toleo lake la 2.0 lilitoka mwaka 2008, la 2.1 mwaka 2018 na la 2.2 mwaka 2023. Mwongozo huo unataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake isipungue uwiano wa 4.5 kwa 1. Maandishi meusi kabisa juu ya nyeupe hufikia 21 kwa 1. Kijivu kile cha mshauri, ambacho msimbo wake wa rangi ni #999999, hakifikii hata 3 kwa 1. Hili halihusiani na mtu kupenda rangi fulani. Kadiri umri unavyosonga, mboni ya jicho hupungua upana na hupitisha mwanga kidogo, na lenzi huwa ngumu na kugeuka manjano, hata bluu iliyoiva na kijani kibichi vikaanza kufanana. Kijana anayebuni ukurasa mbele ya skrini kubwa yenye mwanga mkali haoni kabisa kile anachokiona mzee aliyekaa kibarazani na simu ya zamani.

Kuhusu maneno ya siri, tafadhali acha kabisa mpango wa kuyabadilisha. Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, ambayo kanuni zake zinafuatwa mahali pengi, ilieleza katika mwongozo wake wa mwaka 2017 kwamba watu wasilazimishwe kubadilisha maneno ya siri kila baada ya muda bila kuwapo dalili kwamba yamevuja, na wala wasilazimishwe kuchanganya herufi kubwa, tarakimu na alama. Bill Burr, aliyeandika ushauri wa zamani wa taasisi hiyohiyo mwaka 2003, alisema hadharani mwaka 2017 kwamba anajutia mengi aliyoyapendekeza. WCAG 2.2 nayo inataka kuingia kusitegemee uwezo wa mtu wa kukariri au kutegua fumbo bila kumpa njia nyingine, na kumruhusu anakili na kubandika neno lake la siri ni sehemu ya njia hizo. Mshauri wetu alikuwa amezuia kubandika, kwa jina la usalama.

Nirudi kwenye kanuni, kwa sababu kuna namna ya kuitekeleza na kuna namna ya kujidanganya kwamba umeitekeleza. Mzee anayetumia ukumbi uleule kwa miaka hausomi tena. Anautembelea kama mtu anavyotembea gizani ndani ya nyumba yake, akijua kilipo kila kiti. Ujuzi wa mikono na mazoea hudumu vizuri sana uzeeni, wakati uwezo wa kujifunza utaratibu mgeni kwa haraka hupungua. Kwa hiyo unapokihamisha kitufe kwa sababu umeona mahali pengine panapendeza, unamnyang'anya ule uwezo alio nao kwa ukamilifu na kumtaka atumie ule unaomsumbua. Hata kama mahali papya ni bora kwa mgeni, kwake yeye ni hasara, na ni lazima uwe na sababu nzito ya kumtwisha hasara hiyo.

Basi kaa naye. Tumia simu yake, kwa sababu huenda ameshaongeza ukubwa wa herufi kwenye mipangilio, na kurasa nyingi zinazopendeza kwenye simu ya mbunifu hupasuka hapo: maneno hukatika, na kitufe hutoka nje ya skrini. WCAG inataka maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kitu kupotea, lakini ni heri uone kuliko kuamini. Usimwulize kama ameipenda sura mpya. Wazee wengi wana adabu, nao watakusifu ili wasikuvunje moyo, kisha watakwenda nyumbani na wasirudi tena. Mpe kazi ya kweli: mwombe atume pole kwa mwenzake aliyefiwa, au atafute alichokiandika juma lililopita, au arekebishe neno alilolikosea. Kisha funga mdomo. Usinyooshe kidole, usiseme «hapo juu kulia», usisogeze simu. Atakapositasita, andika ni wapi alisita; atakapogusa pembeni mwa kitufe kwa sababu mkono unatetemeka, andika hilo pia. Apple inapendekeza eneo la kugusa lisipungue pointi 44 kwa 44, na Google inapendekeza vipimo 48 kwa 48 kwa Android, nami kwa wazee ningeanzia hapo na kuongeza, huku nikiacha nafasi ya kutosha kati ya kitufe cha «Jibu» na cha «Futa». Mzee aliyefuta kwa bahati mbaya ujumbe wa rafiki yake aliyefariki hatausahau ukumbi wako kwa wema.

Huhitaji umati. Jakob Nielsen, ambaye amefanya kazi ya kupima kurasa kwa miaka mingi, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji 5 wanatosha kukuonyesha matatizo mengi, na kwamba ni afadhali kupima mara nyingi kwa watu wachache kuliko mara moja kwa watu wengi. Mimi ningeongeza sharti moja: angalau wawili kati yao wawe wale ambao karibu hawaandiki chochote, kwa kuwa wasemaji hodari wa ukumbi wataweza kutumia chochote utakachowapa na watakupotosha kwa nia njema kabisa.

Ukishawaona, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Neno libaki hata ukiongeza picha kando yake. Njia ya kuomba msaada iwe mahali palepale kwenye kila ukurasa, na namba ya simu ya binadamu ionekane kabla ya mtu kuingia, kwa herufi kubwa, kwa sababu aliyekwama nje ndiye anayeihitaji. Waandikie wazi kwamba msaidizi wa kweli hataomba msimbo wala neno la siri hata siku moja. Huo ukurasa usio na mwisho usiuweke. Kurasa zenye namba humwezesha mzee kukumbuka kwamba jana aliishia ukurasa wa tatu.

Uliuliza pia kuhusu kuchagua wasimamizi na kuhusu kuwavutia wanachama wapya. Hayo yatasubiri, kwani ukiwafungia nje hawa ulio nao, wapya watakuta ukumbi mtupu.

Leo hii waandikie wanachama wako kwamba ukumbi wa zamani utabaki wazi, na kwamba hakuna neno la siri litakalobadilishwa. Kisha chukua orodha ya walioacha kuandika na uanze kuwapigia simu, ukianza na yule aliyenyamaza kwa muda mrefu zaidi.