Andaa nyumba ya mfanyakazi kabla ya ofisi

Umeajiriwa juzi kitengo cha TEHAMA, umekabidhiwa ufunguo wa chumba cha seva, na mkuu wa chuo anataka mpango wa wafanyakazi kufanya kazi wakiwa nyumbani. Najua utaanzia wapi, maana na mimi nilianzia huko huko: utahesabu laptopu, utaorodhesha programu, utachora mchoro wa mtandao. Ndugu yangu, ahirisha hayo kwa wiki moja. Toka uende kwao wanakoishi, upige hodi, uone.

Machi 2020 serikali ya Kenya ilipofunga shule na vyuo kwa sababu ya korona, sisi tulikuwa na Zoom ya mikutano ya video, Moodle ya masomo ya mtandaoni ilikuwa inafanya kazi, kila mtu alikuwa na barua pepe. Kwenye karatasi tulikuwa tayari. Jioni ya tarehe 8 Aprili likaanza zuio la kuingia na kutoka kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale. Karani wetu wa masijala alikuwa akiishi Mtwapa. Ni mwendo mfupi kwa matatu, lakini ukishavuka daraja la Mtwapa umeingia Kilifi. Kompyuta yake ilibaki ofisini, kisiwani Mombasa, na ndani yake mlikuwa na orodha ya watahiniwa isiyokuwa na nakala popote. Ikabidi tumtafute mwenye ufunguo wa ofisi, tumsihi mlinzi atufungulie geti, kisha karani atutajie neno lake la siri kwenye simu, herufi kwa herufi. Hilo la kutajiana neno la siri nakukataza usilifanye kamwe. Sisi tulilifanya kwa sababu tulikuwa tumeshachelewa. Tangu siku hiyo, mtu nikimwandalia vifaa namuuliza kwanza anaishi ng'ambo gani na ni faili zipi zitakazomkwamisha asipofika ofisini siku 30.

Ukifika nyumbani kwa mtu, usipime mtandao mlangoni. Mwambie akupeleke pale hasa atakapokaa kufanya kazi. Mhasibu mmoja anaishi Mji wa Kale, nyumba ya kale ya ghorofa, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake kama dhiraa. Ruta ilikuwa sebuleni chini, na pale kasi ilikuwa nzuri sana. Tukapanda chumbani juu alikokuwa ametenga meza, penye utulivu. Wimbi likapungua kila ngazi, na tulipofunga mlango likapotea kabisa. Alikuwa ameshaambiwa anunue kifurushi kikubwa zaidi, na pesa hizo zingepotea bure, kwa sababu tatizo lilikuwa ukuta. Tulivuta kebo ya mtandao ya mita 20 kando ya ngazi, tukaibana vizuri watoto wasijikwae, na mpaka leo anafunga hesabu za mwezi akiwa juu pale.

Kwa wasio na mtandao wa nyumbani, weka bajeti ya bando na mwenye kuidhinisha aielewe. Mkutano wa video wa saa moja unaweza kula jigabaiti nzima. Wa sauti tupu hula sehemu ndogo sana ya hiyo. Wafundishe kuzima kamera bila kuona haya.

Stima nayo ina somo lake. Ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12 na umeme mdogo mno, kwa hiyo betri ndogo ya kuwekea ruta inatosha kumtoa mtu kwenye saa mbili tatu za giza, laptopu ikiwa imejaa chaji. Lakini usisahau upande wa chuo. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipopotea karibu nchi nzima, seva ya hesabu ilizima, na iliporudi stima ile seva haikuwaka. Wahasibu wote wakakwama majumbani kwa sababu ya kitufe kimoja ambacho hapakuwa na mtu wa kukibonyeza. Kwenye mipangilio ya msingi ya mashine, ile inayofunguka kabla ya mfumo kuwaka, kuna mahali pa kuiamuru iwake yenyewe umeme ukirejea. Ni kazi ya dakika tano. Ifanye leo, kisha chomoa waya uhakikishe.

Sasa sikiliza hili la maneno ya siri, maana litakuletea simu nyingi kuliko yote. Tulikuwa tumeyawekea siku 90, kisha yanaisha muda. Mwalimu mmoja mtu mzima, ambaye namheshimu kama baba, muda wake uliisha akiwa nyumbani Likoni. Akalibadilisha kwenye tovuti, barua pepe ikakubali, laptopu ikakataa. Laptopu iliyosajiliwa kwenye seva ya chuo hukumbuka neno la zamani mpaka iongee tena na seva, na yeye hakuwa na njia ya kuifikia. Alidhani amesahau, akajaribu tena na tena bila kufanikiwa. Nilimkuta amevunjika moyo, na kosa halikuwa lake. Hakikisha njia salama ya kuingia mtandao wa chuo (VPN) inaunganika kabla mtu hajaingia kwenye laptopu, na usiruhusu muda wa mtu uishe katikati ya mitihani. Uthibitisho wa hatua mbili, yaani neno la siri pamoja na msimbo unaotumwa kwa simu, ni lazima, ila kagua namba ya kila mmoja. Utashangaa ni wangapi walioandikisha laini waliyoiacha zamani au simu ya mezani ya ofisini.

Laptopu ya chuo ikifika nyumbani, watoto wataitaka. Ndani yake mna alama na namba za vitambulisho vya wanafunzi, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haitauliza kama ilikuwa mezani kwako au kwa mkeo. Funga diski kwa usimbaji, data isisomeke bila neno la siri, weka akaunti isiyoweza kusakinisha programu, na umweleze mfanyakazi sababu kwa upole.

Nyaya za baharini zinazobeba intaneti, kama TEAMS, SEACOM na EASSy zinatia nanga hapa hapa Mombasa, na watu hudhani hilo linatuhakikishia intaneti. Mei 2024 nyaya mbili zilikatika mbali huko kusini, na mtandao ukazorota Afrika Mashariki nzima. Kwa hiyo kila ofisi iwe na kazi zinazoweza kuendelea bila intaneti, na kikundi cha ujumbe mfupi wa kawaida.

Ukimaliza, chagua Jumatano ya kawaida, si likizo, na umwombe mkuu wa chuo awabakize wote nyumbani. Wewe kaa kwenye simu tangu saa mbili asubuhi, na daftari mkononi. Andika kila anayepiga, yuko wapi, na amekwama kwenye nini. Alhamisi anza na yule ambaye hakupiga kabisa.