Jibu: Ukungu ukivuta zumu katikati ya video

Jambo ndugu. Umeuliza kwa nini ukivuta zumu ukirekodi arusi hapo Goma, bibi arusi anaingia ukungu na picha inafifia.

Anza na namba zilizoandikwa mbele ya lenzi. Kama ni 3.5-5.6, tundu lake la kupitishia mwanga linabana unapovuta, ukilinganisha na urefu wa zumu. Ndiyo giza lako. Ukungu ni jambo lingine: lenzi nyingi za zumu za kupigia picha hazishiki fokasi (ulengaji unaofanya picha iwe kali) zikivutwa, maana mpiga picha hulenga upya kila mara. Zumu za sinema hutengenezwa zishike. Pete yao ya fokasi nayo huzunguka mbali, nyingine karibu duara zima, na ya tundu haina vituo vya kukwama, kwa hiyo mwanga haurukiruki.

Tena zina alama ya T badala ya f. f ni hesabu tu: urefu wa fokasi (zile mm za lenzi) gawanya kwa upana wa tundu. T ni mwanga unaofika kweli, baada ya vioo kula sehemu yake.

Usikimbilie kununua, ni ghali mno. Mimi kwaya za Bukavu nazirekodi kwa lenzi ya picha ya 50mm, f/1.8, isiyo na zumu. Nikitaka uso, natembea.