Napalm Death: nani alibaki?

Unauliza kama ni kweli Napalm Death, bendi ya muziki mkali wa metali, haina hata mwanzilishi mmoja aliyebaki. Ndiyo, ni kweli, na imekuwa hivyo tangu kabla ya albamu yao ya kwanza kutoka!

Nic Bullen na Miles Ratledge waliianzisha 1981 karibu na Birmingham, Uingereza, wakiwa bado watoto wa shule. Ukiishika santuri ya Scum ya 1987, ndiyo hiyo albamu ya kwanza, kila upande una kikosi chake. Upande wa kwanza, uliorekodiwa kabla hajaondoka, anaimba Bullen, gitaa analo Justin Broadrick. Geuza: anaimba Lee Dorrian, gitaa kashika Bill Steer, besi Jim Whitely. Aliyepiga pande zote mbili ni mmoja tu, Mick Harris kwenye dramu. Humo ndimo ulimo ule wimbo wa sekunde moja na kidogo, You Suffer. Ukipiga chafya umeukosa.

Shane Embury akaingia na besi mwaka huohuo, na yupo mpaka leo. 1989 Dorrian na Steer wakaondoka, akaja Barney Greenway na sauti yake ya kunguruma, pamoja na magitaa mawili, Jesse Pintado na Mitch Harris (si ndugu wa Mick, watu huchanganya sana). Mick naye akaaga 1991, Danny Herrera akakaa kwenye dramu.

Kwa hiyo mimi nikisema Napalm Death namaanisha Embury, Greenway na Herrera. Bullen aliwasha moto, ila hawa ndio waliouchochea miaka zaidi ya 30.