Gari Langu Lilizeekea Chini, Si Kwenye Injini

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Kama umeishi na gari la saluni (gari la chini lenye buti la peke yake nyuma) la ukubwa wa kati mpaka likazeeka, ni kitu gani kilikuonyesha kwamba wakati wa kulibadilisha umefika?" Wasomaji wengi, nadhani, watajibu kwa kutaja bili ya gereji iliyowashinda. Kwangu bili haikuwa kigezo, na baada ya kukaa na gari moja kwa miaka 13 ninaamini kwamba haipaswi kuwa kigezo cha mtu yeyote kabla hajaangalia mambo mawili: hali ya bodi kwa upande wa chini, na uwezo wa gari hilo wa kuwalinda waliomo ndani.

Nililinunua likiwa na umri wa miaka 6 na kilomita 92,000 kwenye mita, nikaachana nalo likiwa na miaka 19 na kilomita 341,000. Lilikuwa gari la kawaida kabisa, lenye injini ya silinda nne ya lita 2, giaboksi ya otomatiki, viti vya kitambaa na buti lililomeza masanduku manne makubwa bila kulalamika. Lilipeleka watoto shule, lilikimbiza wagonjwa usiku, lilihamisha nyumba nzima kwa safari nyingi ndogondogo, na katika miaka yote hiyo lilikwama njiani mara tatu tu, mara mbili kati ya hizo kwa sababu ya betri ambayo nilijua imechoka nikachelewa kuibadilisha.

Watu husema gari limezeeka wakiwa na maana kwamba injini imechoka, lakini injini inayobadilishiwa oili kwa wakati mara nyingi huwa ndiyo ya mwisho kuchoka. Kinachotangulia kuzeeka ni mpira na vimiminika. Bushi, yaani mipira inayokaa kwenye viungo vya magurudumu, zikipasuka, gari huanza kugonga kwenye matuta na usukani kuvuta upande mmoja. Mauntini inayoshikilia injini ikikatika, dashibodi yote hutetemeka gari linaposimama kwenye taa, na mwenye gari hudhani injini imekufa kumbe ni kipande cha mpira. Mafuta ya breki hufyonza unyevu kutoka hewani, na kadiri maji yanavyoongezeka ndani yake ndivyo kiwango chake cha kuchemka kinavyoshuka, hata kwenye mteremko mrefu pedali inaweza kuzama chini ya mguu ilhali pedi bado ni nene. Ndiyo maana mafuta hayo hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi, hata kama gari halitembei sana. Tairi nalo lina tarehe yake ya kuzaliwa: tarakimu nne zilizogongwa ubavuni, mbili za kwanza zikiwa wiki na mbili za mwisho zikiwa mwaka, kwa hiyo 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi lililofikisha miaka 10 ni la kutupwa hata kama meno yake hayajaisha, kwa sababu mpira wake umekauka kwa ndani mahali ambapo jicho halifiki.

Kitu nilichokiogopa kuliko vyote ni mkanda wa taiming, ule unaofanya valvu zifunguke na kufunga kwa kufuatana na mwendo wa pistoni. Katika injini kama ile yangu, valvu na pistoni hutumia nafasi ileile kwa zamu. Mkanda ukikatika injini ikiwa inazunguka, pistoni hupanda wakati valvu bado zimeshuka, vyuma vikagongana, na mtu aliyetaka kuokoa gharama ya mkanda mmoja akajikuta anafanya oveha, yaani kufumua injini nzima na kuiunda upya. Aliyeniuzia hakuwa na kumbukumbu yoyote ya matengenezo, kwa hiyo niliubadilisha katika wiki ya kwanza pamoja na pampu ya maji iliyo nyuma yake, kisha nikaubadilisha tena kwenye kilomita 190,000 na kwenye 288,000, kwa kuwa kitabu cha gari kilielekeza usivuke kilomita 100,000.

Siku ya mkanda huo wa kwanza ndiyo niliyoanzisha daftari. Niliandika tarehe, kilomita, kifaa kilichobadilishwa, gharama ya spea na gharama ya ufundi, basi. Baada ya miaka minne au mitano daftari lilinionyesha jambo ambalo kichwa peke yake kisingelihifadhi: miaka ya gharama kubwa karibu kila mara ilifuatwa na miaka miwili ya utulivu. Mwaka wa shokapu nne, bushi na rejeta uliniuma sana, lakini mwaka uliofuata nilinunua oili, chujio na pedi za breki tu. Mtu anayeuza gari mara baada ya mwaka mgumu humwachia mnunuzi utulivu alioulipia yeye mwenyewe.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na kanuni inayorudiwa sana kwamba matengenezo yakizidi thamani ya gari sokoni, gari liachwe. Thamani ya sokoni ni bei ambayo mtu mwingine angenipa. Haisemi gari litanifanyia kazi gani mwaka ujao. Swali nililojiuliza kila mara ni jingine: matengenezo haya yatanipa miezi mingapi ya gari ninaloliamini, na miezi hiyohiyo ingenigharimu kiasi gani ndani ya gari jingine, nikihesabu bima kubwa zaidi, marejesho ya mkopo, na thamani ambayo gari jipya huipoteza kwa kasi zaidi katika miaka yake ya mwanzo? Kwa hesabu hiyo gari langu lilishinda karibu kila mara.

Lilikaribia kushindwa mara moja kwa kosa lisilo lake. Kwenye kilomita 210,000 giaboksi ilianza kushtuka kila ilipobadili gia ya pili kwenda ya tatu, na gereji ya kwanza niliyoiendea ikaniambia, bila hata kulitoa gari barabarani kulijaribu, kwamba giaboksi nzima inatakiwa kubadilishwa. Nilikaa na jibu hilo wiki mbili nikiwa tayari nimeanza kutafuta mnunuzi. Kisha fundi mwingine akafungua nati ya chini, mafuta yaliyopaswa kuwa mekundu yakatoka meusi yenye harufu ya kuungua, akayabadilisha pamoja na chujio na solenoidi moja (valvu ndogo ya umeme inayoongoza mafuta ya giaboksi) iliyokuwa inakwama. Giaboksi hiyohiyo ilitembea kilomita 131,000 zaidi, mpaka siku ya mwisho. Tangu hapo sikuamua jambo kubwa juu ya gari hilo kwa kauli ya fundi mmoja.

Sasa nije kwenye kilichonionyesha kwamba wakati umefika. Saluni za leo hazina fremu ya peke yake kama malori. Mabati yaliyokunjwa na kuchomelewa pamoja ndiyo bodi, na ndiyo mifupa. Injini inaweza kushushwa ikapandishwa nyingine kwa siku mbili, giaboksi vilevile, lakini mifupa ikiliwa na kutu hakuna spea ya kununua. Kutu hupenda mahali ambapo tope na maji hujificha: ndani ya kingo za chini ya milango, ambako kuna vitundu vidogo vya kutolea maji vinavyozibika kwa majani na vumbi, nyuma ya matao ya magurudumu, na kwenye viungo ambako mikono ya magurudumu ya nyuma, yaani vyuma vinavyoyashikilia, hufungwa kwenye bodi. Juu, rangi inaweza kung'aa kama ya jana.

Niliona alama za kwanza miaka miwili na nusu kabla ya mwisho. Fundi alizisugua, akapaka dawa ya kutu, akazibua vitundu, akaniambia kwamba tumeichelewesha kutu lakini hatujaizuia. Nilimwamini, na mwezi huohuo nikaanza kuweka akiba kiasi kile ambacho ningelipa kama marejesho ya mkopo wa gari. Huo ndio uamuzi bora nilioufanya katika miaka yote 13, kwa sababu niliufanya wakati gari likiwa bado zima na mimi nikiwa sina haraka.

Halafu ikaja siku ya ukaguzi wa kawaida. Gari lilipandishwa juu, fundi akapangusa tope kwa brashi ya waya, akaanza kugongagonga bati kwa mpini wa bisibisi kutoka mbele kuja nyuma. Mlio ulikuwa mkavu na wa juu, wa chuma kizima, mpaka alipofika kwenye kiungo cha mkono wa gurudumu la nyuma la kushoto. Hapo ukawa mzito, kama wa mtu anayegonga kadibodi iliyolowa. Akageuza bisibisi, akaweka ncha, akasukuma kwa kiganja bila nguvu nyingi, nayo ikazama mpaka kwenye mpini. Magamba ya kahawia yakamwagika juu ya mkono wake. Nilimuuliza kama tunaweza kuchomelea bati jipya. Akavuta bisibisi nje, akaniangalia, akasema, "Bwana, tuchomelee juu ya nini?"

Injini ilikuwa imewaka asubuhi ile kwa mguso wa kwanza.

Jambo la pili lilikuwa limenisumbua tangu binti yangu alipoanza kujifunza kuendesha. Gari langu lilikuwa na breki za ABS, zinazozuia magurudumu yasijifunge, na mifuko ya hewa ya mbele inayofura gari likigongwa, lakini halikuwa na mfumo wa kudhibiti uthabiti, ule unaohisi gari linaanza kuteleza nje ya njia na kufunga breki ya gurudumu moja moja ili kulirudisha. Mfumo huo ulianza kuuzwa mwaka 1995 kwenye magari ya Mercedes-Benz, kwa teknolojia iliyotengenezwa pamoja na Bosch, lakini Marekani ililazimisha uwepo kwenye kila gari dogo jipya kuanzia matoleo ya mwaka 2012, na Umoja wa Ulaya kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014. Gari la kabla ya hapo linaweza kuwa nao au lisiwe nao. Hakuna matengenezo yanayoweza kuuongeza kwenye gari lisilozaliwa nao, na mtoto aliye mpya barabarani ndiye anayeuhitaji kuliko mimi.

Kwa wenye magari ya umri huo naongeza jambo moja, hata kama hawana mpango wa kuyabadilisha. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na Takata, kampuni ya Japani iliyoomba kinga ya ufilisi mwaka 2017, ilitumia nitrati ya amonia, kemikali ambayo baada ya kukaa miaka mingi kwenye joto na unyevu inaweza kulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Mamilioni ya magari ya kampuni nyingi yaliitwa yarudishwe. Namba ya chesisi inatosha kujua kama gari lako limo, na kifaa hubadilishwa bila malipo. Tafadhali iangalieni.

Niliamua kubaki na saluni ingawa madirisha ya wauzaji yanazidi kujaa magari yaliyoinuka juu. Ford iliacha kutengeneza saluni yake ya Fusion mwaka 2020, na Chevrolet ikafuata kwa saluni yake ya Malibu mwishoni mwa mwaka 2024. Kwangu saluni bado ina hoja: iko karibu na ardhi kwa hiyo huinama kidogo kwenye kona, hupambana na upepo kidogo kwa hiyo hula mafuta kidogo, na matairi yake kwa kawaida ni madogo na nafuu. Nilichagua yenye umri wa miaka 3, haibridi, yaani inayotumia injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme, kwa kuwa huko ndiko saluni nyingi zinakoelekea. Toyota Camry inayouzwa Marekani tangu toleo la mwaka 2025 haina tena aina isiyo haibridi.

Nilipokwenda kutazama magari, niliomba kila gari lipandishwe juu kabla hata sijakaa kwenye kiti. Wauzaji wawili walishangaa. Gari la kwanza lilikuwa limepakwa rangi nyeusi mpya chini yote, na mtu hapaki rangi mpya chini ya gari la miaka mitano bila kuwa na kitu cha kufunika, kwa hiyo nililiacha. La pili lilikuwa na mstari wa kuchomelea upande wa kulia ambao kushoto haukuwepo, ikiwa na maana kwamba liligongwa likaungwa. La tatu lilikuwa na vumbi na tope la kawaida, na chini ya tope chuma kizima. Fundi alipima betri ya haibridi kwa mashine, kisha akafungua kichujio kidogo cha hewa kilicho karibu na kiti cha nyuma, ambacho kikiziba kwa vumbi betri hupata joto na kuharibika mapema. Hicho nimekiandika kwenye daftari jipya kama kitu cha kusafisha kila ninapobadilisha oili.

Gari la zamani sikumuuzia mtu wa kuliendesha. Kulipaka rangi chini na kulitangaza lingewezekana, na pesa ingekuwa nyingi zaidi, lakini mtu angelipandisha watoto wake. Nililiuza kama spea kwa mtu anayebomoa magari, nikamwonyesha tundu la bisibisi, nikaandika kwenye hati ya mauziano kwamba bodi haifai kurudi barabarani. Injini ilitolewa ikafungwa kwenye gari lingine la aina ileile lenye bodi nzima. Mwezi uliopita mwenye gari hilo alinipigia simu, akitaka kujua mkanda wa taiming ulibadilishwa lini mara ya mwisho. Nilikwenda kabatini, nikafungua daftari, nikamsomea: kilomita 288,000, pamoja na pampu ya maji.