Mashine Imekaza 14, Kipimo Chaonyesha 0.8

SWALI: Ndugu Mhariri, karakana yetu ya Kadutu, hapa Bukavu, hujaza maji ya maracuja katika chupa za plastiki zenye vifuniko vya milimita 28 na pete ya usalama. Mashine ya kukazia imewekwa kwenye 14, kama kitabu chake kinavyoelekeza. Tumenunua kipimo cha dijiti cha kukagua vifuniko, nacho chaonyesha 0.8 tunapofungua, lakini kijana wa zamu ya jioni hupata 1.3 kwa chupa za kundi lilelile. Je, kipimo ni kibovu? Tukikaza zaidi wateja hulalamika, na tukilegeza chupa huvuja njiani kwenda Uvira.

JIBU: Kwa maelezo yako, sioni sababu ya kukishuku kipimo. Mafundi wengi huanza na nusu ya kipenyo cha kifuniko kwa milimita, wakiihesabu kwa pauni-inchi, kizio cha nguvu ya kuzungusha. Kwa hiyo 14 ya kifuniko cha milimita 28 yaelekea ni pauni-inchi, ilhali 0.8 yenu ni nyutoni-mita, kizio kingine cha nguvu hiyohiyo. Nyutoni-mita 1 ni pauni-inchi 8.85, basi mashine inakaza karibu nyutoni-mita 1.58, nanyi mnafungua kwa takriban pauni-inchi 7. Chagueni kizio kimoja kwenye kipimo na mkiandike juu ya kila ukurasa wa daftari. Jihadharini zaidi na kizio cha tatu, kilo-sentimita, kwa kuwa 14 ileile husomeka humo 16.1, namba inayokaribiana nayo kiasi kwamba watu wanaweza kuzichanganya wiki nzima bila yeyote kushtuka.

Kwamba 7 ni nusu ya 14 si kasoro. Nguvu ya kufungulia huwa ndogo kuliko ya kukazia, mara nyingi kati ya asilimia 40 na 60 yake, kwa sababu plastiki iliyobanwa hulegea kidogo, hasa katika saa za kwanza na penye joto. Kwa hiyo chupa iliyotoka mashineni sasa hivi na iliyolala ghalani usiku kucha zisiandikwe katika safu moja.

Ile 1.3 ya jioni ndiyo inayostahili kuchunguzwa. Kifuniko chenye pete hutoa vilele viwili, yaani mara mbili ambapo nguvu hupanda kisha kushuka: cha kwanza pale kifuniko kinapoachia mdomo wa chupa, cha pili pale vijidaraja vinavyoishikiza pete kwenye kifuniko vinapokatika. Kipimo kilichowekwa kwenye hali ya kilele hushika namba kubwa kuliko zote, kwa hiyo anayezungusha hadi pete ikatike anaweza kusoma kilele cha pili, huku ninyi mkiishia kwenye cha kwanza. Kama kipimo chenu kina hali ya kilele cha kwanza, iwekeni hiyo. Kama hakina, zamu zote zikubaliane mahali pa kusimama.

Mkono nao una yake. Chupa ibanwe kati ya vigingi vinne vya kipimo mpaka isiteleze tu, maana plastiki ikiminywa sana hupinda na kuharibu usomaji. Kitufe cha sifuri kibonyezwe baada ya kubana, wala si kabla. Kisha kifuniko kizungushwe polepole, kiganja kikiwa wima juu yake bila kukandamiza. Anayekurupusha mkono hupata kilele kikubwa kuliko cha mwenzake, na hili pia huenda likawa sehemu ya jibu la kijana wenu.

Mipaka ya juu na ya chini, ambayo kipimo hulia kinapoivuka, ombeni kwa aliyewauzia vifuniko badala ya kuikisia. Kuhusu Uvira, pimeni chupa zilizovuja pamoja na zilizofika salama, maana barabara hushuka hadi kwenye joto la bonde la Ruzizi, na joto hulegeza. Zilizovuja zikisoma sawa na zenzake, iacheni mashine ilivyo na mkague midomo ya chupa: ufa mdogo au ukingo uliopinda utavuja hata kifuniko kikikazwa vipi.