Kokoto Sakafuni: Ushauri kwa Mwenye Mkanda Mweusi Anayetaka Kufundisha

Mwalimu wangu wa karate amepita miaka sabini, na kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi bado anasimama safu moja na watoto wa mkanda mweupe, katika ukumbi wenye sakafu ya saruji hapa Himbi, Goma. Nilichelewa sana kuelewa kwa nini hawaachii wasaidizi wake kazi hiyo, na kuchelewa huko kuliwagharimu wanafunzi wangu.

Nilipofungua dojo yangu, yaani ukumbi wa mazoezi, nilikuwa na dan ya kwanza, daraja la chini kabisa la mkanda mweusi, na kiburi cha dan ya tano. Wanafunzi wapya niliwakabidhi kijana mmoja wa mkanda wa kahawia, mimi nikabaki na wale wa kumite, yaani mapambano ya wawili wawili, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na makofi ya watazamaji na wazazi wanaolipa bila kukumbushwa. Mwaka haukuisha kabla sijawa na kundi la vijana wanaojua kurusha teke la kichwani lakini wasiojua kusimama. Mmoja wao, mwenye bidii kuliko wote, akaanza kuumwa goti, nami nikamwambia mama yake kwamba ni baridi ya asubuhi. Haikuwa baridi. Kila aliposimama zenkutsu-dachi, mkao wa goti la mbele lililokunjwa na mguu wa nyuma ulionyooka, goti la mbele lililala upande wa ndani, vidole vya mguu vikielekea huku na goti kule, na kosa hilo alikuwa amelirudia miezi na miezi mbele ya macho yangu.

Nilikwenda kwa mwalimu nikitarajia kupewa zoezi la kuimarisha goti. Badala yake alitoka nje, akaokota kokoto nyeusi ya volkeno, ambayo mjini kwetu haina haja ya kutafutwa, akaiweka sakafuni na kuniagiza nisimame kisigino kikiigusa, kisha nifanye Heian Shodan. Ni kata, yaani mfululizo wa miondoko iliyopangwa, ya wanaoanza, yenye miondoko 21, na njia yake imepangwa hivi kwamba anayepiga hatua zilizo sawa humaliza palepale alipoanzia. Nilipomaliza, kokoto ilikuwa mbele ya vidole vyangu kwa karibu nusu hatua. Akasema, “Rudia.” Nilirudia hadi jua likafika dirishani, na kila mara nilimaliza nyuma ya kokoto.

“Hatua yako ya tatu ya kwenda mbele ni fupi,” akaniambia hatimaye. “Unaikimbilia kiai, ule ukelele wa nguvu. Mimi pia nilikuwa na kosa hilo. Watoto ndio walionionyesha: mwalimu akikosea, wote ishirini wanakosea namna ileile, basi kosa lake analiona mara ishirini.”

Tangu siku hiyo nimesoma kwa jicho jingine maisha ya Gichin Funakoshi, mwasisi wa karate ya Shotokan, mwalimu wa shule aliyezaliwa Shuri, Okinawa, mwaka 1868, ambaye alitumia miaka kumi kwa kata tatu tu za Tekki. Alipohamia Tokyo mwaka 1922, akiwa tayari mtu mzima wa miaka zaidi ya hamsini, alifagia na kufanya vibarua katika bweni la wanafunzi ili apate chakula huku akifundisha. Na dojo iliyojengwa kwa ajili yake iliteketea kwa mabomu mwaka 1945. Habari hiyo ya mwisho haihitaji kufafanuliwa kwa mtu wa Goma. Ukumbi wa kwanza wa mwalimu wangu uko chini ya lava ya volkeno ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002, na baada ya hapo alifundisha katika ua wa jirani, wanafunzi wakiwa wamevaa viatu, kwa sababu lava iliyopoa hukata nyayo kama vipande vya chupa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukitaka kufundisha, darasa la wanaoanza lishike wewe mwenyewe, angalau siku moja kwa wiki. Tazama nyayo kabla ya ngumi, na umzunguke mtoto, kwa maana goti linalolala halionekani ukiwa umesimama mbele tu ukihesabu. Mrekebishe jambo moja kwa siku. Ukimtajia matano atarudi nyumbani bila hata moja. Mazoezi yako yafanye kabla wanafunzi hawajafika, kwani kupiga hesabu kwa sauti kubwa si mazoezi, ingawa jasho hutoka. Na usimgombeze mtoto kwa sababu kimono yake, vazi jeupe la mazoezi, ina rangi ya kijivu: vumbi letu ni jeusi, na maji ya kuifulia huenda aliyabeba yeye mwenyewe kwa bidoni.

Yule kijana wa goti nilimpumzisha, nikamwomba mama yake radhi, kisha tukaanza upya na kusimama tu, mimi na yeye, majuma kadhaa bila teke hata moja. Kokoto yangu sasa hukaa dirishani mwa dojo. Jumamosi iliyopita nilimaliza kata upana wa vidole vinne nyuma yake, na binti mmoja wa mkanda wa njano aliyekuwa akinitazama kutoka ukutani akasema taratibu, “Mwalimu, ni ile hatua ya tatu.”